Mwili Unajua, Mdomo Bado: Mchezaji wa Kikapu Anapogeuka Kocha

Mchezaji wa kulipwa akitundika viatu huondoka na magoti yanayouma na ujuzi mwingi ambao hajawahi kuutamka. Kwa miaka 10 au 15 amekuwa akifanya jambo sahihi kabla hajaliwaza. Muulize alijuaje kwamba pasi ingekwenda kona, atakujibu, “Unaona tu.” Kijana wa miaka 19 aliye mbele yake haoni, na kumwambia aone hakumsaidii. Mwaka wa kwanza wa ukocha, kwa karibu kila mtu, huliwa na kazi hiyo: kutafuta maneno ya vitu ambavyo mwili ulikuwa unavifanya wenyewe. Juu yake kuna kazi za mezani ambazo zamani mtu mwingine alizifanya wakati wewe unafungwa bandeji kwenye kifundo cha mguu.

Kazi hiyo ni nyepesi zaidi ikianzwa ungali unacheza. Misimu miwili ya mwisho, dakika zako zinapopungua, usiende kununa mwisho wa benchi. Sogea ukae jirani na kocha msaidizi, na uwe na daftari. Kila mazoezi yakiisha andika mambo manne: zoezi lilikuwa lipi, lilichukua dakika ngapi, kocha alisimamisha wapi, na alisema maneno gani hasa. Maoni yako yaache kwanza. Baada ya miezi mitatu utasoma kurasa hizo na kukuta vitu usivyoviona ukiwa unakimbia, kwa mfano kwamba kocha uliyedhani anafoka ovyo husimamisha mazoezi kwa makosa mawili tu, na mengine yote huyaacha yapite makusudi. (Wenzako watakucheka kwa daftari hilo. Waache wacheke.)

Jeraha nalo ni nafasi ya aina hiyo. Becky Hammon, mchezaji wa WNBA, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, alipoumia goti 2013 alitumia kipindi cha kuuguza kukaa kwenye mazoezi ya San Antonio Spurs, timu ya NBA, ligi kuu ya wanaume. Mwaka uliofuata wakamwajiri kuwa kocha msaidizi, na 2022, msimu wake wa kwanza akiwa kocha mkuu wa Las Vegas Aces, akatwaa ubingwa wa WNBA.

Wapo walioruka hatua hiyo. Jason Kidd alistaafu Juni 2013, na mwezi huohuo Brooklyn Nets wakamkabidhi timu. Hakuna aliyetilia shaka akili yake ya mchezo. Alikuwa mmoja wa pointi gadi, yaani wachezeshaji wa timu, bora kabisa wa kizazi chake. Novemba mwaka huo, timu ikicheza na Lakers, sekunde za mwisho zilimkuta hana taimauti, yaani mapumziko mafupi ya kuombwa, hata moja. Kinywaji kikamwagika sakafuni, mchezo ukasimama ili pafutwe, na ligi ikamtoza faini ya dola 50,000 kwa kuona kwamba alikimwaga makusudi. Watu wanakumbuka kinywaji. Kocha mgeni anatakiwa akumbuke kwamba kabla ya kinywaji zilikuwapo taimauti, na zilitumika zikaisha. Kidd alijifunza, na 2024 aliifikisha Dallas Mavericks kwenye fainali. Magic Johnson hakukaa kiasi cha kujifunza: alipoichukua Lakers mwaka 1994 aliongoza michezo 16, akashinda 5, akapoteza 11, akaondoka.

Njia ndefu ina ushahidi mwingi zaidi. Phil Jackson, aliyewahi kuwa bingwa na New York Knicks akiwa mchezaji, alifundisha kwanza Albany Patroons kwenye ligi ndogo ya CBA, kisha akawa msaidizi Chicago Bulls 1987, na ukocha mkuu akaupata 1989. Mataji yake 11 yalikuja baada ya hapo. Steve Kerr alistaafu 2003 akiwa na mataji 5, akatangaza mpira, akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns, na alipoingia Golden State Warriors 2014 alikuwa ameshayaandika mawazo yake ya ukocha kwenye kompyuta. Erik Spoelstra, aliyecheza kidogo Ujerumani, aliingia Miami Heat 1995 kwenye chumba cha video. Ukocha mkuu alipewa 2008.

Kwa hiyo ukipewa nafasi mbili, ukocha mkuu wa timu inayotaka jina lako libandikwe kwenye tangazo, na usaidizi chini ya kocha anayefundisha, chukua usaidizi. Kisha omba kazi yenye mpaka: ulinzi wa skrini (mshambuliaji anaposimama njiani mwa beki ili kumfungulia mwenzake), au warefu peke yao, au video. Msaidizi asiye na kazi mahususi huishia kurudisha mipira.

Video ndiyo inayonyenyekesha kuliko zote. Mchezo mmoja wa dakika 40, kwa mtu anayeanza, hula saa tatu au nne kuukata vipande vipande: unasimamisha, unarudisha, unaandika robo, dakika, aina ya shambulio na kilichotokea. Mwishoni wachezaji wataona klipu 10 au 12 tu, kwa dakika 12, wala si zaidi, maana baada ya hapo macho yao yako wazi na akili imeshatoka chumbani. Kosa la mchezaji wa zamani hapa ni kuchagua klipu za makosa ya mtu mmoja. Chumba kizima kinaelewa nani analengwa, na kuanzia hapo hakuna anayesikiliza somo. Changanya: kosa, kosa hilohilo kwa mtu mwingine, kisha mara moja ambayo timu ilifanya vizuri.

Leseni isikuudhi. Mashirikisho mengi hutoa leseni kwa ngazi, na kozi ya kwanza inaweza kukukalisha na walimu wa shule ambao hawajawahi kucheza mbele ya watu 500. Kaa. Mwalimu wa shule anajua kuwapanga watoto 30 kwenye uwanja mmoja wenye mipira sita, wewe hujui.

Sasa tuchukue jambo moja dogo tulitazame kwa karibu, maana hapa ndipo mwili na mdomo vinapogombana. Beki aliyeingia kati kusaidia anarudi kumkimbilia mrushaji aliyeachwa wazi kona. Kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mstari wa pointi tatu pale kona uko mita 6.60 kutoka kwenye kikapu, kwa hiyo beki ana mita kama 5 za kukimbia huku pasi iko hewani. Mzoefu hutumia kasi yote kwenye hatua tatu za kwanza. Zinazobaki zinakuwa fupifupi, makalio yanashuka, kifua kinabaki nyuma ya magoti, mkono mmoja unapanda hadi usawa wa mpira. Anasimama umbali wa urefu wa mkono. Mguu wa mbele unafunga upande mmoja, ule ambao timu imekubaliana ufungwe, ili mrushaji akiamua kudunda aelekee kwenye msaada. Na haruki mpaka mpira umetoka kiganjani mwa mrushaji.

Kijana anafanya nini? Anakimbia kasi yote mpaka mwisho, kifua mbele, mkono juu. Mrushaji anainua mpira kidogo tu kama anayerusha, kijana anapaa na kumpita, na nyuma yake shambulio linakuwa watu watano dhidi ya wanne. Kocha mgeni anapiga kelele: “Mkono juu!” Mkono ulikuwa juu muda wote. Kosa liko kwenye hatua ya nne, ambayo haikufupishwa. Mara ya pili kijana ananyanyua mkono juu zaidi, anapitwa tena, na sasa wote wawili wamekasirika.

Dawa ni kuliweka kosa mahali linapoonekana. Simamisha koni mita 2 kabla ya mrushaji. Kabla ya koni kasi yote; baada ya koni hatua fupi, na viatu vilie. Sauti ya soli sakafuni ni kipimo kizuri kuliko jicho: zikilia kwi-kwi-kwi anapunguza mwendo, ukisikia kishindo kimoja kizito amechelewa. Anza kwa mwendo wa kutembea, mara sita, bila mpira. Kisha tia pasi, lakini mrushaji akatazwe kurusha, adunde tu kumpita. Mwisho muache afanye apendavyo. Maneno ya kupigia kelele yasizidi matatu, na yawe yaleyale msimu mzima: kimbia, kata, kaa.

Na usijionyeshe mno. Kocha wa miaka 38 bado anaweza kuwafunga vijana wake, na wao watapiga makofi, ila hakuna atakayejifunza kwa kukushangilia. Onyesha mara mbili, polepole, mara moja ukiwa mbele yao na mara moja kwa ubavu, kisha toka. Kuingia kucheza nao watano kwa watano ni kosa kubwa zaidi: ukiwa ndani unamlinda mtu mmoja na unamwona mmoja, wengine wanane wamecheza bila kocha.

Mazoezi yenyewe yaandikwe kwa dakika, kwenye karatasi moja iliyokunjwa mfukoni. Dakika 90 zinaweza kugawanywa hivi: 10 za kupasha mwili na mpira mkononi, 15 za ulinzi, 8 za kurusha, 20 za watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, 25 za watano kwa watano, 7 za mitupo huru wakiwa wamechoka, na 5 za kumalizia na kusema neno. Msaidizi ashike saa, na muda wa zoezi ukiisha liishe hata kama limekwenda vibaya. Kocha aliyekuwa mchezaji mwenye bidii huona aibu kuacha jambo halijakaa sawa, basi zoezi la dakika 15 linakwenda 35, na dakika 20 hizo zinakatwa kwenye watano kwa watano, yaani kwenye mpira wenyewe.

Adui mwingine ni foleni. Una wachezaji 12 na zoezi la kurusha la dakika 8, kila mrusho ukichukua sekunde 10. Foleni moja inatoa mirusho 48, kila mtu mara 4. Gawa mistari minne ya watu watatu, miwili kwa kila kikapu, na kila mtu anarusha mara 16. Muda uleule, mipira minne. Ukiwa mchezaji foleni ilikuwa mahali pa kupumzika na kutaniana, ndiyo maana hukuwahi kuiona kama tatizo.

Siku ya mchezo kuna karatasi kabla ya mpira. Kwa sheria za FIBA orodha ya wachezaji na namba zao hufikishwa kwa mwandishi wa alama angalau dakika 40 kabla ya kuanza. Zikibaki dakika 10 kocha anathibitisha kwa saini na kutaja watano wa kuanza. Soma kila namba kabla ya kutia saini, ukiilinganisha na jezi iliyo mgongoni mwa mtu, wala si ile iliyo kichwani mwako. Na mchezo ukianza, kati yako na msaidizi wa kwanza ni mmoja tu anayeruhusiwa kusimama. Kubalianeni mapema, maana msaidizi mwenye damu moto atakuletea faulo ya ufundi.

Taimauti zinastahili kukaa nazo kidogo. FIBA wanatoa 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili, dakika moja moja, na 1 kila muda wa nyongeza. Za nusu ya kwanza hazihamishwi. Za nusu ya pili zina mtego: saa ya robo ya nne ikionyesha dakika 2:00 au chini, unaruhusiwa zisizozidi 2. Ukiwa umeficha zote tatu kama akiba, moja imeungua. Halafu mchezaji aliyeko uwanjani hawezi kuiomba, hata awe nahodha. Inaombwa na kocha mkuu au msaidizi wa kwanza, mezani, na haitolewi mpaka mpira uwe umekufa na saa imesimama, au wapinzani wawe wamekufunga. Kwa hiyo kupunga mikono ukimwelekea mwamuzi wakati mpira unadundwa ni mazoezi ya viungo tu. Aliyezoea NBA, ambako mchezaji mwenyewe anaweza kuomba, huumia sana hapa.

Kuna na hili la mwisho wa mchezo. Kwenye dakika hizo 2 za mwisho, wapinzani wametia kikapu, ukachukua taimauti, unachagua pa kuurudishia mpira: nyuma kwenu, au mbele, upande wa wapinzani. Ukichagua mbele umeokoa safari ya nusu uwanja, lakini saa ya kurusha, yaani muda ambao lazima muwe mmerusha, inakuwa sekunde 14 badala ya 24. Mko nyuma pointi 2 na zimebaki sekunde 9, chagua mbele bila kufikiri. Mnaongoza kwa 1 na zimebaki 22, mpira wa nyuma una sekunde za kutosha kumaliza mchezo bila kulazimika kurusha. Mwamuzi atakuuliza, na jibu likishatoka halibadilishwi. Wachezaji wengi wa miaka mingi hawajui kwamba swali hilo huulizwa, kwa sababu lilipoulizwa wao walikuwa wanakunywa maji.

Dakika yenyewe inavyotumika: sekunde 15 za mwanzo waache wakae, wanywe, wewe ukiongea na wasaidizi hatua mbili pembeni. Ukiwakaribia, jambo moja la ulinzi, jambo moja la ushambuliaji, na nani anaingia. Ubao wa mbinu uuchore ukiwa umeuelekeza kwao, kikapu upande wao. Makocha wapya huchora kwa macho yao wenyewe na wachezaji wanasoma juu chini. Mchoro uwe na mishale mitatu, usipite hapo. Kabla hawajasimama, mwambie mmoja arudie. Ukiona anasitasita, hujaeleweka, na ni afadhali uwarudishie shambulio wanalolijua tangu mwanzo wa msimu. Jambo la mwisho ambalo benchi husahau kumkumbusha kocha ni taimauti zilizobaki: msaidizi mmoja awe anaitaja idadi hiyo kwa sauti kila mara, yenu na yao, pamoja na faulo za timu, kwa kuwa ya tano katika robo inampeleka mpinzani kwenye mitupo huru miwili.

Dakika za wachezaji ni hesabu nyingine. Mchezo wa dakika 40 una dakika 200 za kugawa. Wawili wakicheza 32 na watatu 26, zimebaki 58 kwa benchi nzima. Andika mgawo huo kabla, ukijua utauvunja. Mchezaji wa zamani huwapima wengine kwa mapafu yake ya enzi zile, kwa hiyo anawachelewesha ndani. Dalili za uchovu ziko miguuni kabla ya kuwa usoni: mikono inashika kaptula mpira ukisimama, mitupo huru inagonga ukingo wa mbele, beki anafika wa mwisho kwenye ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu. Mtoe hapo, dakika 2 tu, umrudishe.

Kufundisha watu uliocheza nao ni kugumu kwa namna yake. Mwezi uliopita alikuita kaka kwenye basi la timu na mlikuwa mnamsema kocha pamoja. Leo anakuuliza kwa nini amecheza dakika 6. Ongea na kila mmoja peke yake kabla ya mazoezi ya kwanza, umwambie nafasi yake kwa maneno ambayo huwezi kuyageuza: “Unaanzia benchi, nakuhitaji kwa ulinzi.” Toka kwenye kundi la simu la wachezaji siku hiyohiyo, hata kama wanakusihi ubaki, kwa sababu wanahitaji mahali pa kukusema. Na usiwe mchezaji na kocha kwa pamoja. Bill Russell aliweza. Aliteuliwa Boston Celtics 1966, na mataji ya 1968 na 1969 aliyatwaa akiwa vyote viwili. Huyo alikuwa Russell. Wengine wetu mshika mawili moja humponyoka.

Mkataba usomeni na mwanasheria. Kocha hufukuzwa haraka kuliko mchezaji, kwa hiyo kifungu cha thamani ni kile kinachosema utalipwa miezi mingapi timu ikikuondoa katikati ya msimu, na kwa tarehe gani. Kifungu cha bonasi ya ubingwa kinapendeza zaidi kukisoma, na timu hukupa kwa furaha.

Kuna kitu kimoja kinachochelewa kuliko vyote, nacho ni jicho. Mchezaji anafuata mpira. Amelipwa miaka yote kuufuata. Kocha anayefuata mpira anaona mrusho ukiingia na haoni skrini iliyomfungua mrushaji upande wa pili, wala beki aliyegeuza shingo sekunde moja kabla. Zoezi lake ni hili. Mchezo ukiisha, kabla ya kugusa video, andika mistari mitano: tulifungwaje, wapi, na nani alichelewa. Kesho yake tazama video, linganisha. Mwanzoni mistari mitatu kati ya mitano itakuwa imemlaumu mtu asiye na kosa, mara nyingi yule aliyekuwa karibu na mpira ulipoingia. Halafu tazama robo nzima ukiwa umeziba kwa karatasi upande wa skrini ya kompyuta wenye mpira. Dakika 10 hizo ni ndefu, na mkono utataka kuiondoa karatasi kila baada ya sekunde chache. Ikikaa mahali pake mpaka king'ora kilie, anza robo ya pili.